Mwache Mama Achambue Mchele

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma. Umemkuta mama wodini, kiharusi hata wiki mbili hakijatimiza, kapakatishwa ungo wa mchele achambue, nawe ukataka kwenda kumshtaki yule dada wa tiba kwa vitendo. Nakuomba usiende. Kesho wahi, kaa pembeni yao uangalie.

Mkono wa mama haukuumia. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayouamrisha. Ubongo huweza kujifunza upya, ila hujifunza kwa kutenda, jambo lilelile mara nyingi, na hushika zaidi jambo lenye maana kwa mwenyewe. Mama kachambua mchele tangu usichana wake. Akiokota chuya, vidole vinabana, mgongo unajikaza asianguke, macho yanatafuta, akili inachagua. Na yule dada hakai bure. Anatazama kama mama anaziona chuya za upande wa kushoto. Kiharusi kikipiga ubongo wa kulia, wapo wanaosahau kabisa upande wao wa kushoto ingawa macho ni mazima; wanakula wali wa nusu sahani na kudai chakula kimekwisha. Mgonjwa aliyelala akitazama dari, utalijuaje hilo?

Kila mtu na kazi yake. Kwa mzee anayeswali itakuwa udhu, kwa fundi cherehani kupitisha uzi kwenye sindano. Mweleze dada mama alikuwa nani kabla ya kuugua, maana faili halisemi. Mpelekee kanga zake, kitana chake, simu yake.

Wataalamu wa tiba hii nchini mwetu ni wachache, hata ukihesabu wanaosomeshwa hospitali ya KCMC kule Moshi, kwa hiyo saa nyingi za siku mama yuko mikononi mwako. Najua unampenda, ndiyo maana unamlisha, unamvika, unamchana. Punguza, mdogo wangu. Mkono usiotumika huzidi kusahaulika. Blauzi ianzie mkono uliolegea. Wakati wa kuvua, mzima utangulie. Akichelewa kwenye kifungo, mngoje. Bakuli likiteleza, tandika kitambaa kibichi chini yake. Akichoka, apumzike, kwani uchovu wa kiharusi ni mzito kweli.

Mawili usiyafanye hata kwa huruma. Usimnyanyue kwa kuuvuta ule mkono uliolegea, bega lake sasa hivi ni rahisi kuteguka. Wala usimpe chochote, hata chai, kama bado hawajapima anavyomeza; maji huweza kupita njia ya mapafu, naye asikohoe hata kidogo.

Tena msingoje siku ya kuruhusiwa ndipo muulize ya nyumbani. Pima kimo cha kitanda chake na upana wa mlango wa bafu, hesabu ngazi za barazani, na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, mwambie dada wiki hii hii, ili waanze kumzoesha angali hapo.