SOMO: Homa ya mtoto si kazi ya jirani



Katika mazungumzo yetu na wamama walioshuka kutoka milima ya Minembwe na Itombwe hadi tambarare ya Ruzizi, tumesikia neno hili mara nyingi: "Kule kwetu watoto hawakuugua hivi. Hapa kuna mtu anatufanyia." Mtoto anaanza na homa, kesho yake mwili unakakamaa na macho yanageuka. Familia inatafuta mchawi, na lawama inamwangukia mama mzee au jirani wa kabila lingine. Hivyo ugonjwa unazaa ugomvi.

Ukweli ni upi?

Malaria huletwa na mbu jike aina ya anofelesi, anayeuma usiku. Milimani kuna baridi, na mbu hao ni wachache. Kwa hiyo mwili wa mtoto wa kule haujazoea malaria. Akifika kwenye joto na maji yaliyotuama, anaugua kwa nguvu. Homa hutokea kwa kawaida siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, ndiyo maana mama hamkumbuki mbu, anakumbuka maneno aliyokosana na jirani jana.

Tufanye nini?

1. Mtoto akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe damu. Tusiseme ni meno tu.
2. Akipewa dawa ya siku 3, aimalize hata kama homa imeshuka.
3. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, usingizi usio wa kawaida au kupumua kwa shida ni hatari kubwa. Tusipoteze hata saa moja kwa kutafuta aliyeroga. Mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe mara moja.
4. Watoto na wamama wenye mimba walale ndani ya chandarua kila usiku. Chandarua si cha kuvulia samaki.

Kwa viongozi

Shutuma ikiletwa mbele yenu, ulizeni kwanza: "Mtoto amepimwa?" Swali hilo moja linaweza kuokoa watu wawili: mtoto, na yule anayeshutumiwa.

Maswali ya kujadili

- Katika kambi yetu, mtoto akipata degedege tunakimbilia wapi kwanza?
- Nani atamsindikiza mama usiku hadi kituo cha afya?
- Tutamlinda namna gani jirani aliyelaumiwa bure?