Fibroidi, Kushika Mimba na Kujifungua
Fibroidi ni uvimbe usio saratani unaoota katika misuli ya mfuko wa uzazi. Wanawake wengi huwa nao bila kujua, na wengi wao hushika mimba na kujifungua salama. Athari zake kwa uzazi hutegemea zaidi mahali ulipoota kuliko ukubwa wake.

Uvimbe uliochomoza ndani ya uwazi wa mfuko, hata ukiwa mdogo, huweza kuzuia mimba kutunga au kusababisha iharibike. Ulio ndani ya ukuta huleta athari hasa unapopindisha uwazi huo au kuziba mrija. Ulioota upande wa nje kwa kawaida hauzuii mimba. Hata hivyo, kabla ya kuulaumu uvimbe, mirija ya mke na mbegu za mume zipimwe.

Katika ujauzito, fibroidi huweza kuleta maumivu makali, mtoto kukaa vibaya, uchungu wa mapema na kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua. Inafaa mama huyu ajifungulie hospitali yenye huduma ya upasuaji na akiba ya damu.

Aliyewahi kuondolewa fibroidi kwa upasuaji amweleze mkunga tangu hudhurio la kwanza. Iwapo ukuta wa mfuko ulikatwa kwa kina, kovu huweza kuachia wakati wa uchungu. Ndiyo maana mara nyingi upasuaji wa kujifungua hupangwa kabla uchungu haujaanza. Mhudumu aandike habari hiyo kwenye kadi ya kliniki, kwa kuwa atakayempokea mama siku ya kujifungua huenda asiwe yeye.