Meno ya Kahawia: Usikimbilie Kung'oa

Katika vijiji vingi vya Mlima Meru, watu wengi wana meno ya kahawia. Wengine huona aibu kucheka. Wengine huyasugua kwa mchanga. Wengine hutaka yang'olewe, wawekewe ya bandia. Je, inafaa?

Chanzo ni nini?

Mlima Meru ni volkano. Maji yake hupita kwenye miamba yenye madini yaitwayo floraidi. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, huweza kuharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Magadi ya kupikia maharage pia huweza kuwa na floraidi nyingi. Kwa hiyo rangi hiyo si uchafu. Mchanga hauiondoi, bali hulila jino.

Jino la kahawia si lazima liwe bovu. Kama haliumi wala halilegei, usiling'oe. Daktari wa meno anaweza kulifunika kwa dawa nyeupe.

Jino la kupandikiza

Lipo jino la bandia linaloshikiliwa na skrubu iliyopandwa ndani ya mfupa wa taya. Ni ghali, na huchukua miezi kushikana na mfupa. Likiachwa chafu, fizi huvimba, mfupa huliwa, na jino hulegea. Aliyewekewa jino hilo azingatie haya:

1. Apige mswaki asubuhi na jioni, hasa penye fizi.
2. Asivute sigara wala tumbaku.
3. Kama ana kisukari, amweleze daktari kabla ya kupandikizwa.
4. Akiona damu, usaha au uvimbe, au jino likilegea, aende hospitali upesi. Asingoje maumivu.

Tuwakinge watoto

Mtoto wa chini ya miaka 8 apewe maji yenye floraidi kidogo, kama maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Huko Ngurdoto, wataalamu walitengeneza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, linalopunguza floraidi. Waulizeni wataalamu wa maji. Chakula cha watoto kipikwe bila magadi.

Rangi ya meno ya mzazi haitoki kwa kusugua. Lakini meno ya mtoto anayenyonya leo bado yanaweza kukingwa.

Maswali

1. Kwa nini kuchemsha maji hakutoshi?
2. Katika kijiji chenu, watoto hunywa maji ya wapi?