Kuingiza Santuri Kwenye Kompyuta: Kazi Iko Kwenye Sindano

Sauti ya santuri imechongwa ndani ya mfereji mmoja mwembamba unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Kuta za mfereji huo zina mawimbi madogo. Sindano ikipita humo hutikisika, na mtikisiko wake hugeuka umeme ndani ya kichwa kinachoibeba. Umeme wenyewe ni kidogo mno, milivolti 3 hadi 5 hivi kwa vichwa vya kawaida vya sumaku. Kuingiza santuri kwenye kompyuta ni kuuchukua umeme huo, kuukuza, kuugeuza tarakimu na kuuhifadhi kama faili. Wengi huanza kwa kuulizia programu, ilhali programu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kompyuta hutunza kile tu ilicholetewa na sindano.

Kabla ya chochote, santuri itambuliwe ni ya namna gani. Katika makabati ya Afrika Mashariki zimo za aina tatu. Zile nzito, zinazovunjika kama kigae zikianguka, huzunguka mara 78 kwa dakika na zimetengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu. Za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ni za namna hiyo, na upande mmoja hubeba dakika tatu hivi. Kisha kuna zile ndogo za inchi 7, za mizunguko 45, ambazo katika miaka ya 1960 na 1970 zilibeba benga, rumba na nyimbo za bendi za Tanzania kutoka Nairobi hadi vijijini. Mwisho ni LP ya inchi 12, ya mizunguko 33⅓, yenye dakika 20 hivi kila upande. Hizi mbili za mwisho kwa kawaida ni za plastiki iitwayo vinili.

Tofauti hiyo huonekana mara moja wakati wa kusafisha. Vinili huvumilia spiriti kidogo iliyochanganywa na maji, lakini lakiri huyeyushwa na spiriti, na santuri ya 78 ikipakwa hata mara moja huharibika kabisa. Kwa hiyo njia salama kwa zote ni maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri (maji, si asidi), pamoja na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Kitambaa laini kisichoacha nyuzi hufuata mzunguko wa mfereji, kamwe hakikatizi kutoka katikati kwenda nje, na lebo hukingwa isilowe. Kisha santuri husuuzwa kwa maji yale yale bila sabuni na kuachwa isimame hadi ikauke yenyewe. Santuri iliyokaa miaka arobaini juu ya kabati la nyumba ya pwani huacha kitambaa cheusi tii, na kitambaa hicho ndicho kipimo cha mlio ule wa mafuta yanayokaangwa ambao haitautoa tena.

Sindano ndiyo inayostahili fedha. Ya almasi hudumu saa 500 hadi 1,000 za kupiga. Ikizidi hapo ncha yake huchakaa na kuanza kuula mfereji. Anayeokota mashine ya zamani ya kupigia santuri anunue sindano mpya kabla ya kugusa santuri anayoithamini. Santuri za 78 zina mfereji mpana na hudai sindano yao, yenye unene wa takriban elfu tatu za inchi. Ile ya LP, isiyofika hata elfu moja, huzama hadi sakafu ya mfereji na kusoma vumbi badala ya muziki. Uzito wa mkono unaobeba kichwa hupimwa kwa mizani ndogo na kufuata maelekezo ya kichwa husika. Vingi hutaka gramu 1.5 hadi 2.5. Ule mtindo wa kubandika sarafu juu ya kichwa ili santuri iache kuruka huisaga santuri. Inayoruka huwa chafu au imepinda, au mkono umekaa vibaya, na dawa itafutwe huko.

Mbali na udogo wake, kuna sababu nyingine inayofanya umeme wa sindano usiingizwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Wachongaji wa santuri hupunguza besi na kuongeza sauti nyembamba, kwa kuwa besi ikiachwa na nguvu zake zote mfereji ungehitaji nafasi kubwa, na mkwaruzo wa plastiki ungefunika filimbi na matoazi. Kanuni ya upunguzaji huo, iitwayo RIAA, imekuwa ya kawaida tangu 1954. Kifaa kinachoirudisha sauti katika uwiano wake na kuikuza huitwa priampu. Mashine zenye waya wa USB huwa nayo ndani, pamoja na kigeuza tarakimu. Mashine nyingine huunganishwa na priampu ya nje, kisha na kadi ya sauti. Mwenye amplifaya ya zamani yenye tundu lililoandikwa PHONO tayari anayo. Atatoa sauti kwenye tundu la kurekodia kaseti. Mvumo mzito usiokwisha kwa kawaida ni wa umeme wa ukutani, na mara nyingi hunyamaza waya mwembamba wa ethi wa mashine unapofungwa kwenye skrubu ya priampu.

Kwenye kompyuta, Audacity inatosha, nayo ni bure. Sehemu ya santuri yenye sauti kubwa zaidi hupigwa kwanza kwa majaribio, na kiwango hurekebishwa ili vilele vifike karibu desibeli 6 chini ya sifuri. Vikigusa sifuri sauti hupasuka, na kupasuka huko hakutibiki. Sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, kama za CD, zinatosha kwa kusikiliza na huchukua megabaiti 10 hivi kwa dakika. Kwa nakala ya kutunza ni bora 96,000 na biti 24, ingawa dakika moja hufika megabaiti 34. Upande hurekodiwa wote kwa mkupuo mmoja, spika zikiwa zimepunguzwa kwa sababu mtetemo wao hurudi kwenye sindano, na nyimbo hukatwa baadaye.

Nakala hiyo ya kwanza haiguswi. Huhifadhiwa kama WAV au FLAC, ambayo hubana faili bila kupoteza kitu, na masahihisho yote hufanywa kwenye nakala yake. Mikwaruzo mikubwa huondolewa mmoja mmoja. Zana ya kufuta kelele itumike kwa mkono mwepesi, maana ikizidishwa huondoka na pumzi ya mwimbaji na mwangwi wa chumba, na gitaa likabaki kama linapigwa chini ya maji. Chirichiri kidogo si aibu. Santuri nyingi za 45 za Nairobi zina wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili, wa kwanza ukififia pale gitaa linapoanza kuchangamka. Kuziunganisha pande hizo kunapendeza sikioni, lakini faili la kila upande libaki pia, kwa kuwa ndivyo wimbo ulivyotoka sokoni.

Faili lisilo na maelezo ni nusu ya kazi. Lebo ipigwe picha pande zote mbili, na jina la bendi, mtunzi na namba ya santuri viandikwe kama vilivyochapwa, makosa yakiwemo. Kwenye eneo tupu kati ya mwisho wa mfereji na lebo kuna namba zilizokwaruzwa kwa mkono au kugongwa. Santuri ikiinamishwa kwenye mwanga wa dirisha namba hizo husomeka, na huweza kutofautisha matoleo mawili yenye lebo sawa.

Kusambaza ni suala jingine. Kwa sheria ya Kenya ya 2001, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa, na utunzi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hiyo nyimbo nyingi za zamani bado zina wenyewe, na ruhusa iombwe kabla ya kuzipandisha mtandaoni.

Baada ya hapo santuri hurudi kwenye jalada lake na kusimamishwa wima, mbali na jua. Zikilazwa moja juu ya nyingine hupinda. Faili zikae kwenye diski mbili, katika nyumba mbili ikiwezekana, na santuri isiuzwe wala kutupwa kwa sababu tu faili lipo: sindano bora ikipatikana kesho, ni kutoka kwenye santuri hiyo tu nakala nzuri zaidi itatengenezwa.