Kusomea jiolojia ya mazingira nikiwa Babati

SWALI: Nafundisha jiografia sekondari hapa Babati mjini. Nataka kusoma jiolojia ya mazingira kwa njia ya mtandao. Itanifaa kweli, ilhali somo lenyewe ni la mawe na udongo?

JIBU: Itakufaa, mradi usikubali iishie kwenye simu. Nadharia hufundishika vizuri mtandaoni: aina za miamba, mwendo wa maji ardhini, usomaji wa ramani. Kulitambua jiwe mkononi ni jambo jingine, na hapo umebahatika kwa mahali ulipo.

Panda basi la Singida, ushuke Katesh. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, miamba dhaifu ya Mlima Hanang, volkano ya zamani, ililowa ikaporomoka. Matope, mawe na magogo vilifagia makazi, na watu zaidi ya 80 walikufa. Fuata makorongo, tazama mawe makubwa yalikokomea, linganisha na ulichosoma. Nenda na mwenyeji, tena kwa staha. Watu bado wana msiba.

Kuna pia fluoridi ya kuchunguza kwenye maji. Katika Bonde la Ufa hutoka kwenye miamba ya volkano, ikaingia visimani na kutia meno madoa ya kahawia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kabla ya kulipa ada, uliza kama cheti ni cha kuhudhuria tu au kinahesabika katika shahada. Kama chuo kikuu ni cha nje, waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwanza. Binafsi nisingelipia kozi isiyo na kazi za uwandani wala mkufunzi wa kusahihisha ripoti zako.