SOMO LA AFYA: MWANGA ULIOPIMWA NI DAWA YA NGOZI



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona mkaguzi wa mahesabu anaweka kando vitabu vya fedha na kuandika juu ya maradhi ya ngozi. Sababu ni hii. Nilipokuwa nikikagua chama kimoja cha msingi, nilikuta katika muhtasari wa kikao azimio la kumwondoa mwanachama mmoja katika kazi ya kuchambua kahawa ghalani, kwa hofu kwamba ngozi yake inayobabuka ingewaambukiza wenzake. Mwanachama huyo alikuwa na ugonjwa uitwao soriasisi, ambao hauambukizi kamwe. Akakosa ujira wa msimu mzima bila hatia. Tena, alikuwa ameanza kutibiwa kwa mwanga hospitalini, akaacha katikati kwa kukosa nauli.

Hasara zote mbili zingeweza kuzuilika kama chama kingekuwa na maarifa. Ndiyo shabaha ya somo hili.

1. SORIASISI NI NINI?

Ngozi ya mtu mzima hujifanya upya kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili wake huichochea ngozi bila sababu, nayo hujifanya upya kwa siku chache tu. Ngozi mpya hurundikana juu ya ile ya zamani kabla haijapukutika, yakatokea mabaka manene yenye magamba meupe, hasa viwikoni, magotini, kichwani na kiunoni. Kwa watu weusi mabaka hayo huwa ya rangi ya zambarau au kahawia iliyokoza. Kucha huweza kuharibika, na wagonjwa wengine huumwa viungo.

Ugonjwa huu hauletwi na uchafu, wala na vijidudu vya kuambukiza. Kupeana mikono, kula pamoja, kushika gunia moja au kulala kitanda kimoja hakuuhamishi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuutambua kuwa ni ugonjwa mzito usioambukiza, ambao huwaletea wagonjwa unyanyapaa mkubwa.

2. MWANGA HUTIBU VIPI?

Matumizi ya mwanga katika tiba si jambo geni. Mwaka 1903 Daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1925 Daktari William Goeckerman wa Marekani alieleza tiba ya soriasisi kwa kupaka lami ya makaa ya mawe na kumulika ngozi kwa miale ya urujuanimno, yaani miale isiyoonekana kwa macho iliyomo pia katika jua. Katika miaka ya 1980 zikaanza kutumika taa zinazotoa sehemu ndogo tu ya miale hiyo, ya karibu nanomita 311, ambayo imeonekana kufaa sana kwa soriasisi.

Miale hiyo hupunguza kasi ya ngozi kuzaliana na hutuliza kinga iliyochochewa. Hutumika pia kwa baadhi ya wenye pumu ya ngozi na wenye mabaka meupe ya vitiligo. Haiung'oi ugonjwa moja kwa moja; huuondoa ngozini kwa muda, mara nyingi kwa miezi kadhaa.

3. KAZI YA MUUGUZI

Daktari huamua tiba, lakini mara nyingi muuguzi ndiye anayeiendesha siku hata siku. Mgonjwa husimama ndani ya kabati lenye taa ndefu. Kabla ya kuwasha, muuguzi hana budi kuhakikisha mambo haya:

(a) Mgonjwa amevaa miwani maalumu ya kinga. Mwanamume hufunikwa sehemu za siri. Uso usio na mabaka hufunikwa pia.

(b) Mgonjwa ameulizwa hali yake tangu mara iliyopita. Katika ngozi nyeusi wekundu wa kuungua hauonekani upesi. Kwa hiyo huulizwa kama alisikia joto, maumivu au mwasho.

(c) Ameulizwa dawa anazotumia. Dawa kama doksisaiklini huweza kuifanya ngozi iungue upesi. Mafuta mengine yakipakwa kabla ya tiba huzuia mwanga usipenye, kwa hiyo mgonjwa asipake kitu bila kumwuliza muuguzi.

(d) Kipimo cha leo kimelinganishwa na kile cha mara iliyopita, kisha kimeandikwa kitabuni.

Makatibu wataielewa sana sehemu hii ya mwisho. Kipimo hutokana na nguvu ya taa na muda wa kumulikwa. Taa zikizeeka nguvu hupungua, kwa hiyo hupimwa kwa chombo maalumu, kama vile mizani yetu inavyohakikiwa. Kipimo huanza kidogo, kisha huongezwa hatua kwa hatua. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mgonjwa akianza na 400, na kila mara aongezewe asilimia 10, mara ya pili atapata 440, na mara ya tatu 484. Ngozi ikiungua, tiba husimama mpaka itulie, kisha kipimo hushushwa. Mgonjwa akikosa wiki nzima au zaidi, kipimo huweza kupunguzwa, maana ngozi imepoteza uzoefu wake. Akikosa mwezi, kwa kawaida huanza upya.

4. KWA NINI TUSIOTE JUA TU?

Swali hili huulizwa mara kwa mara. Jua huweza kuwasaidia wengine, lakini halina kipimo. Nguvu yake hubadilika kwa saa, kwa mawingu na kwa mwinuko wa mahali. Ngozi ikiunguzwa, soriasisi huweza kuzuka palepale penye jeraha. Kuota jua kwa kukisia ni sawa na kununua kahawa kwa macho bila mizani: siku moja utapunja, siku nyingine utapunjwa.

Watu wenye ualbino wasijaribu kabisa tiba hii wala kuota jua, kwa maana ngozi yao haina kinga dhidi ya miale hiyo na huweza kupata saratani. Kwa ajili yao, Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kilianzisha utengenezaji wa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun.

5. WAJIBU WA CHAMA

Tiba hii kwa kawaida hutolewa mara 3 kwa wiki, na huhitaji mara 20 hadi 30. Mara 30 ni wiki 10. Kwa mwanachama wa kijijini, kwenda na kurudi ni safari 60. Taa hizi hazipo katika kila hospitali, na mgonjwa huenda akalazimika kupanga chumba mjini. Hapo ndipo wengi hukatia njiani, na fedha walizokwisha kutumia hupotea.

Kwa hiyo nashauri:

Kwanza, Bodi isimtenge mwanachama kwa sababu ya ngozi yake bila maelezo ya mganga.

Pili, anayetaka kuanza tiba apige hesabu ya nauli zote 60 kabla ya safari ya kwanza. Kama chama kina mfuko wa akiba na mikopo, aombe mapema.

Tatu, ikiwezekana tiba ianze nje ya msimu wa mavuno. Isipowezekana, wenzake wamsaidie kuchuma na kufikisha mazao yake mizanini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, katika chama chetu yuko mwanachama aliyeondolewa kazini kwa sababu ya ngozi? Tufanye nini kumrudishia haki yake?

2. Kutoka kijijini kwetu, nauli ya safari 60 hadi hospitali ya rufaa ni shilingi ngapi?

3. Kwa nini muuguzi asiyeandika kipimo ni hatari sawa na karani wa mizani asiyeandika stakabadhi?