Mdogo Wangu, Usianze na Maji

Mdogo wangu, hamu uliyonayo naielewa. Watoto wameona bwawa la kuogelea kwa jirani, likizo inabisha hodi, joto la Dar la Januari halina huruma, na wewe umeshapita Kariakoo kuulizia bei. Au boksi liko sebuleni tayari na baba watoto anasema hiyo ni kazi ya saa moja tu. Sikukatazi. Ila kaa hapa tuongee, maana wengi mnaoniuliza mnaanzia mwisho: maji yanafunguliwa leo, mengine mnasema yatafuata.

Uzito wa hayo maji unaujua? Lita moja ni kilo moja. Bwawa dogo la duara lenye upana wa mita 3, ukilijaza hadi sentimita 60 tu, linabeba lita zipatazo 4,200. Hizo ni tani 4 na ushee zimekaa uani kwako, zimeshikiliwa na plastiki na vibomba vya fremu. Simtanki la lita 5,000 huliweki kwenye udongo mlegevu hata kwa dawa, unamwita fundi akujengee msingi. Sasa hili wanaloingia wanao, mbona unataka kulitandaza tu juu ya majani?

Kabla ya yote, ujue shimo la choo liko wapi. Nyumba zetu nyingi karo liko hapohapo uani, limefukiwa, limeota nyasi, na aliyekuuzia nyumba wala hakukuonyesha. Mfuniko wa zege unaoukanyaga kila siku hauwezi kubeba tani 4. Muulize fundi aliyejenga, waulize majirani wa zamani, na kama hakuna anayejua, chimbua taratibu mpaka ujiridhishe. Kaa mbali na nyaya za umeme zinazopita juu, na kama uani pana mwembe, nao uuache na kivuli chake; majani yake yatakusumbua kila siku.

Ukishapata mahali, sawazisha. Usipime kwa macho, macho yanadanganya. Mwambie fundi aje na pimamaji na ubao mrefu, au mpira wa maji kama wanavyopima msingi. Palipoinuka pachimbwe, usijaze udongo palipoinama, kwa sababu udongo wa kujaza ukipata mzigo unatitia, bwawa linalala upande, na siku moja ukuta wake unaachia. Nyasi zote zing'olewe, hasa ndago. Ndago mdogo wangu usiichezee: ncha yake ni kali kiasi cha kutoboa plastiki kutokea chini, ukaanza kutafuta tundu usilolijua liko wapi. Chimba mpaka utoe vile vijiazi vyake, kisha shindilia, tandika mchanga laini uliochekechwa, na juu yake turubai zito.

Hapo ndipo unatandaza bwawa. Liache juani kwanza mikunjo ilegee. Fungulia maji kidogo, sentimita mbili tatu, ufunge bomba. Ingia miguu mitupu usugue mikunjo kuanzia katikati kwenda pembeni, halafu tazama. Maji yakikimbilia upande mmoja, ardhi yako bado. Yamwage uanze upya. Najua inauma, hasa kama ni maji ya boza uliyolipia, lakini kumwaga ndoo kumi leo ni nafuu kuliko tani 4 kubomoka watoto wakiwa ndani.

Sasa tufike kwenye linalonikosesha raha. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anatafuta pumzi, hana ya kuitia, na wewe uko jikoni unageuza chapati ukidhani kimya kile ni cha mchezo. Halafu wa kwako unaweza kuwafundisha; wa jirani, aliyepenya mlango wa nyuma akifuata mpira wake, nani kamfundisha? Kwa hiyo uzio unatangulia maji. Uzunguke pande zote nne, usipungue mita 1.2 kwenda juu, uwe wa kitu mtoto asichoweza kukikwea, na geti lijifunge lenyewe, komeo lake likiwa juu asikofika. Kuogelea kukiisha, ngazi inatolewa, midoli inatolewa, na ndoo au kiti kisiachwe karibu na uzio.

Na dada wa kazi, tafadhali. Ana nguo za kufua, ana sufuria motoni, pengine kuogelea hajui, halafu unampa watoto sita na maji. Si haki kwake, si haki kwa watoto. Watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja ndiye mwenye zamu, amekaa wanapofikika kwa mkono, na simu imebaki ndani. Akitaka kwenda haja, watoto wote wanatoka kwanza. Watanuna. Waache wanune.

Umeme wa pampu nao usifanyiwe ujanja wa kuburuza ekstensheni kwenye majani mabichi. Mwite fundi umeme, aweke na kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Klorini nunua pamoja na vipimo vyake, ifungie mahali watoto wasipofika, mbali na dawa zingine, na ukiichanganya, dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji, usimwagie maji juu ya dawa. Bwawa lisilo na pampu wala dawa limwage na ulikaushe kila watoto wakimaliza. Dengi ilitusumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anataka maji yaliyotulia karibu na watu, na ndani ya wiki moja hivi mayai yake yameshakuwa mbu.

Wewe ambaye umeshalijaza na uzio huna, usijifiche, hujawa wa kwanza, na wala sikugombezi. Ngazi itoe sasa hivi, mlango wa uani ufunge kwa ufunguo, na maji yafungulie yatoke taratibu kuelekea kwenye mfereji, si kwenye ukuta wa jirani. Watoto waambie bwawa litarudi fundi wa uzio akimaliza, na fundi mwenyewe mpigie leo, usingoje mwisho wa mwezi.